Mbwa Aliyepigwa Mnada Kanisani

Jumanne, 4 Juni 1996

Leo nimeapa. Siimbi tena kwaya. Alto watafute mwingine!

Alen, mwalimu wa kwaya, mtoto niliyemshonea kaptula yake ya darasa la kwanza, kaja barazani kwangu na kofia mkononi. Eti kamati imekaa. Eti sare mpya za kwaya hazishonwi tena, wataagiza mitumba, belo zima kutoka Mombo. "Ni soko huria, mama," ananiambia. Soko huria! Kitambaa cha zambarau nimeshanunua, kola nimeshakata zote. Nimemwambia basi hilo soko huria likasimame kwenye alto liimbe.

Nikatoka na hasira zangu kwenda kutupa vipande nyuma ya bucha. Ndipo nikakiona kitu mtaroni. Nilidhani tambara. Tambara likapumua.

Kimbwa. Kidogo, ukubwa wa kiatu. Mgongo umebabuka wote, manyoya yametoka na ngozi, mguu wa nyuma unaning'inia. Maji ya moto hayo — hilo halihitaji msomi. Nani anamwagia maji ya moto kitu cha ukubwa wa kiatu? Kisha anampiga na teke juu yake?

Mimi sipendi mbwa. Naandika hapa ili ieleweke. Nimemfunga kwenye kanga kwa sababu manyunyu yalikuwa yanaanza, basi. Nikampeleka mlango wa pili kwa Daktari Rubeni. Alikuwa mtumishi wa serikali idara ya mifugo, wakampunguza, sasa ana duka la dawa za ng'ombe ubavuni mwa baraza langu.

Akafungua kanga. Akafunga. "Shikamoo mama. Huyu ni mbwa."

"Marahaba. Nimeona."

"Mimi ni wa ng'ombe."

"Ana miguu minne. Anza."

Akaanza.


Jumatano, 5 Juni

Hajafa.

Rubeni anataka uzito. Penisilini aliyozoea kudunga ni ya ng'ombe, na akizidisha, anasema, mbwa ataponywa vidonda pamoja na uhai. Mzani wa karibu uko buchani kwa Tobia.

Tobia tunasali naye. Alikuwa karani kwenye mashamba ya chai huko Bulwa, akapunguzwa, akarudi Lushoto na bucha, pikapu na dishi la televisheni. Mwenyewe hachinji. Anachinja Athumani kule machinjioni ili mji mzima ununue. Tobia kazi yake ni kukata, kupima na kusema. Na asubuhi anauza supu ya utumbo; sufuria linachemka pale mlangoni kama garimoshi.

Tumefika na kanga yetu. "Mzani wa nyama ya kuliwa na watu? Mniwekee mbwa?" Sauti yake ile ya kuita pikapu irudi nyuma. Basi kimbwa kusikia sauti, kikaanza kutetemeka humo ndani, kikanikojolea mpaka soksi.

Nikalitazama sufuria. Nikamtazama Tobia. Tobia akatazama mzani.

Sikusema neno. Mimi! Sikusema!

Tumempimia kwenye mzani wa viazi sokoni. Mwenye viazi alitaka kujua kilo shilingi ngapi.


Ijumaa, 7 Juni

Anajilamba vidonda. Rubeni anasema lazima avae kitu shingoni, kama bakuli lisilo na kitako, mdomo usifike mgongoni. Vinauzwa Ulaya. Hapa hakuna.

Kola za kwaya je?

Nimeunganisha kola nne, kile kitambaa kigumu ndani, zambarau nje, nyeupe pembeni. Nimempigia pindo mara mbili maana kazi ovyo siiwezi hata kwa mbwa. Amependeza! Mgongo wa bluu kwa ile dawa ya kupuliza ya ng'ombe, mguu umefungwa vijiti, kola ya zambarau. Anaonekana kama mtu anayesubiri kupewa ushemasi.

Jina simpi. Ukishampa jina umekwisha, hatoki. Fatuma, anayepika mbele yangu ng'ambo ya barabara, anamwita Mgonjwa. "Mgonjwa ameamkaje?" Ye kwa dini yake hamgusi, ile pua yenye maji haitaki karibu na nguo zake za swala, na mimi sina neno. Lakini kila asubuhi anavuka na maziwa kwenye kopo, anayaweka chini, anarudi hatua, anakunja mikono na kutoa amri. "Mpe taratibu! Usimjaze! Mwenzangu, hujawahi kulea?" Nimelea watoto watano, Fatuma.


Jumanne, 11 Juni

Amesimama. Kwa miguu mitatu, sekunde kidogo, akaanguka juu ya kola. Rubeni kapiga makofi. Daktari mzima!

Amekula futi yangu. Inchi tisa za mwanzo hazipo. Sasa kila mteja nampima kuanzia kumi halafu natoa. Mke wa mwalimu mkuu leo kanitolea macho nilipomtajia kiuno kabla sijatoa.

Kaja mzee wa Bungu, kamsikia, anataka mbwa wa kulinda mahindi. Mtu mzuri, Mkristo, ana shamba. Nimemkatalia. Viatu vyake vichafu.

Rubeni akauliza kwa upole, "Mama, kwani akipona utampa nani?"

"Yeyote."

"Mwenye viatu safi," akasema. Akainamisha kichwa kwenye chupa zake. Namwona anacheka na mabega.


Jumapili, 16 Juni

Sijui nianzie wapi.

Sindano ni kila siku, na Jumapili duka limefungwa. Rubeni akasema nimlete mbwa kanisani, baada ya ibada atamdunga kule nyuma karibu na tangi. Sawa. Nikamlaza kwenye kapu langu, nikamfunika kitambaa nilichodarizi mwenyewe. Kalala, kashiba uji. Mlangoni Mzee Elisante, mzee wa kanisa, akaniambia kapu lisiingie ndani, liwekwe na mengine. Nikaliweka. Na mengine! Ee mimi Yunis, kichwa changu kilikuwa wapi? Yale mengine yalikuwa sadaka za mnada. Mabichi yote: kabichi, karoti, mayai, kuku wa Mama Mchungaji kafungwa miguu. Na kapu langu zuri la darizi katikati, limefunikwa.

Hapa ndipo ulipo ugonjwa wetu. Makanisa mengine wanauza kitu watu wanakiona. Sisi tuna "kapu la baraka". Mzee Elisante alilibuni tulipokuwa tunaezeka: kapu moja kila Jumapili linauzwa limefunikwa, hujui kilichomo, unanunua kwa imani. Watu wanavyopenda sifa! Na makapu yangu yanajulikana, hutiwa keki.

Na mimi nilikuwa wapi? Nyuma ya kanisa, nagombana na Alen juu ya belo! Namwambia hata Mungu anajua tofauti ya pindo la mkono na pindo la Mombo. Nikasikia kelele za mnada, sikujali. Nikasikia "kapu la Mama Glory!" Nikajiambia, kapu gani? Mimi leo sikuleta ka—

Nimekimbia. Na viatu vya kisigino, kwenye nyasi mbichi.

Mzee Elisante kalinyanyua juu. "Zito, wapendwa! Na lina joto! Na linatikisika kidogo!" Watu wanapiga vigelegele, wanajua ni kuku aliye hai na keki pamoja. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi ananyoosha mkono, Tobia ananyoosha, yule tena, Tobia tena, wawili hawa hawapendani tangu mmoja anunue dishi. Mimi napiga kelele "Subiri! Subiri!" na wao wanadhani nami napanda dau.

Tobia kashinda. Kafunua.

Halafu kichwa kikatoka, kola ya zambarau, ukingo mweupe, masikio yamesimama. Sauti ya mwanamke mmoja nyuma, wazi kabisa: "Jamani, mwanakwaya!"

Nimeishi Lushoto maisha yangu yote, sijasikia kanisa likicheka vile. Mchungaji alishika nguzo.

Tobia hakucheka. Alimtambua. Niliona. Na mbwa alimtambua, akarudi ndani ya kapu, kola tu inatetemeka juu.

"Nimedanganywa," Tobia akasema. "Nirudishieni."

Mzee Elisante akavaa uso wa kikao. Sadaka ikishapokelewa hairudi. Haijawahi kurudi. Mwaka jana Rubeni mwenyewe alinunua kapu lenye malimau tupu, alidai kurudishiwa? Hakudai.

"Si sadaka!" mimi nalia. "Ni wangu!"

"Wako?" Mzee Elisante akanigeukia. "Si ulisema barazani kwako, mbele yangu, kwamba mbwa huyu si wako, unamhifadhi tu?"

Nilisema. Nimesema kwa kila mtu.

Na watu wanaendelea kucheka, wanamwambia Tobia amepata mlinzi wa utumbo, na yule wa vifaa vya ujenzi anacheka kuliko wote. Hapo Tobia akapandwa. "Nimenunua! Ni wangu! Kuna mwenye neno?" Kapu kwenye pikapu, mlango paa, huyo kaondoka. Nimefuata mpaka njia panda. Kisigino kimoja sijakiona mpaka sasa.

Kaondoka naye. Yule yule. Kwenye lile sufuria.

Na sindano hajadungwa.


Jumatatu, 17 Juni

Tangu kumekucha niko barazani, sijashona hata kifungo. Nilikuwa nimepanga kwenda buchani na mkasi wangu mkubwa. Fatuma akanizuia, kasema nitafungwa, halafu nani atamlisha mgonjwa nikiwa jela.

Saa tatu pikapu likasimama. Tobia. Na kapu. Kalibeba mbele kwa mikono miwili, mbali na mwili, kama mtu aliyebeba mzinga wa nyuki.

"Amelia usiku kucha," anamwambia Rubeni. Mimi hanitazami. "Mfanye kitu. Mimi nafungua bucha na macho haya?"

Rubeni kasema, haya, hapa tuna ngozi iliyokufa, lazima ikatwe, mwenye mbwa ashike. Nani ni mwenye mbwa? Foleni nzima ya wenye ng'ombe ikamwangalia Tobia.

Akashika. Rubeni akafungua, akaanza kukata. Sasa huyu ni mtu anayepasua nyonga ya ng'ombe kwa shoka huku anahesabu chenji! Rangi ikamtoka. Jasho. Akanyong'onyea taratibu mpaka chini, mgongo kwenye kabati la dawa ya minyoo, lakini mbwa hakumwachia, alikwenda naye chini.

Kutoka ng'ambo Fatuma akapaza sauti, mwiko mkononi: "Mzee Tobia! Nani alimwagia maji kiumbe huyo?"

Watu wakasimama barabarani.

"Mimi," Tobia akasema pale chini. "Aliingiza mdomo kwenye utumbo. Nilikuwa na kata ya maji ya moto mkononi. Sikufikiri. Mimi."

"Tunajua," Rubeni akasema. "Shika mguu."

Nilikuwa nimemtungia maneno tangu jana, makali, mazuri, kwa mpangilio. Hata moja halikutoka. Ukimtukana mtu aliyekaa sakafuni na mbwa mapajani, unaonekana mjinga wewe.


Alhamisi, 20 Juni

Amekuja tena. Saa tatu ile ile. Kapu limetandikwa shuka.

Shuka!

Anamwita Bosi. Fatuma anamwita Mgonjwa. Haitiki popote.


Jumapili, 23 Juni

Lazima niandike haya ya kwaya kabla sijafa kwa kicheko.

Belo limefika. Majoho meupe, mazito, mapya kabisa, Alen anazunguka kama bwana harusi. Leo wameingia nayo kwa mstari, "Bwana U sehemu yangu" nini sijui, taratibu, kwa heshima. Mimi nimekaa upande wa akina mama. Naangalia. Nasema mbona yana mifuko? Mbona yana mkanda kiunoni? Kitambaa gani hiki chenye manyoyamanyoya?

Ni makoti ya kuogea! Wazungu wanavaa wakitoka bafuni! Glory wangu alinionyesha moja hotelini Dar alipokuwa anafanya usafi wa vyumba. Kwaya nzima, soprano mpaka besi, imesimama mbele za Bwana imetoka kuoga!

Sikumwambia mtu. Nilikaa na leso mdomoni, machozi yananitoka, Mchungaji akadhani mahubiri yamenigusa. Wenyewe wamefurahi sana, wanasema hawajawahi kuimba na joto vile mwezi wa sita.

Tobia hakununua kitu mnadani leo. Aliondoka mapema. Namsikia anamwambia Mzee Elisante mlangoni, "Nimemwacha peke yake nyumbani." Nilitaka kumwuliza nani. Nilijua nani.


Jumatano, 26 Juni

Nimefanya jambo la aibu.

Nilikwenda kwa Tobia kupima mapazia. Hakuniita kupima mapazia. Nilijiambia napita tu, halafu nikajiambia nina futi mkononi (mpya), halafu nikajikuta ndani ya maua yake, pua kwenye dirisha. Nilitaka kuona kama anampiga. Kweli nilitaka kuona hilo. Ningeona alama moja tu ningemchukua nikimbie naye.

Televisheni inawaka, mpira wa miguu. Tobia kwenye kochi. Mbwa kwenye kochi! Kichwa juu ya goti lake, ile kola yangu imekaa upande, kaitega kama dishi. Na Tobia anamweleza. "Huyu kaotea, Bosi. Umeona? Alikuwa mbele ya beki. Ndiyo maana." Kwa sauti ya chini. Sauti ambayo sikujua anayo.

Mkewe alifariki mwaka ule wa njaa, watoto wako Arusha. Nyumba kubwa, safi, vikombe vimepangwa. Hakuna anayevinywea.

Mbwa akaniona. Akatikisa mkia. Halafu — hili ndilo linaniuma — akarudisha kichwa pale gotini.

Nikakanyaga ndoo. Tobia kafungua dirisha. "Mama Glory?"

"Mapazia yako mafupi," nikamwambia, nikaondoka.

Nimelia njia nzima. Naandika ukweli kwa kuwa hakuna atakayesoma: nilitamani mbwa aonewe. Kidogo tu. Ili niwe na haki naye.


Jumamosi, 29 Juni

Nimekwenda kwa Mchungaji kudai. Wameitisha wazee. Tumeketi kwenye ofisi ya usharika saa nzima na nusu juu ya mbwa, halafu dakika tano juu ya paa linalovuja.

Mimi: kapu liliuzwa bila ridhaa yangu. Tobia: alinunua kwa nia njema, na Bosi ameshamzoea. Mimi: amezoea mifupa! Tobia: na wewe ulimlisha nini, zaburi? Mchungaji: wapendwa, wapendwa.

Mzee Elisante ndiye aliyekata shauri. Mnada ulikuwa na kasoro kwa kuwa mwenye mali hakutoa na mnunuzi hakuona. Basi mbwa arudi mezani tarehe saba, wazi, bila kitambaa, kila mtu amwone, anunue anayemtaka. Ahadi ya kitu au kazi inakubaliwa kama kawaida. Mkono juu ndiyo dau. Atakayeshusha mkono amejitoa. Na kapu la baraka limefutwa kuanzia leo.

Tumekubali wote wawili. Tungefanyaje?

Nimekuja kukaa hapa kwenye cherehani naangalia nilicho nacho. Fedha taslimu usiniulize. Nina mashine, miguu ya kuikanyaga, na kitambaa cha zambarau cha watu wasionitaka.


Ijumaa, 5 Julai

Vijiti vimetolewa leo. Rubeni kamweka chini, tumejipanga ukutani wote: mimi, Tobia, wenye ng'ombe, Fatuma mlangoni na kopo lake. Akatembea. Miguu minne! Anachechemea, mguu mmoja unakwenda na mipango yake, lakini anatembea. Mgongoni manyoya yanaota, yanaota meupe, palipobaki ngozi tupu Rubeni anasema patabaki hivyo.

Alizunguka chumba. Akamnusa Tobia viatu. Akaja akanilamba kidole. Akaenda kulala juu ya miguu ya Rubeni, ambaye kila siku anamchoma sindano. Mnyama hana hata kinyongo! Nilimwonea hasira.

Nje Tobia akanisimamisha. Kavua kofia. "Mama Glory, Jumapili niachie. Nakuomba. Mimi ndiye nilimharibu. Na nikifungua mlango jioni sasa kuna mtu anayenijia."

Ningeweza kumjibu mengi. Nikamwambia tutaonana mnadani.

Kwani kwangu jioni ananijia nani?


Jumapili, 7 Julai

Naandika nikiwa hapa hapa kwenye uwanja wa kanisa, daftari juu ya kitabu cha nyimbo, kitabu juu ya goti. Mwandiko mbaya ni wa mkono wa kushoto. Wa kulia uko juu.

Uwanja umejaa, hata wa sharika nyingine. Hata Fatuma yuko, kasimama nje ya ua upande wa barabara na wateja wake, kaacha maharage jikoni. Mbwa yuko mezani kati ya kabichi na trei la mayai. Bila kola. Nilimvua mwenyewe asubuhi, shingo ikaonekana nyembamba, nikageuka pembeni.

Mzee Elisante akafungua. Wa vifaa vya ujenzi alitaja bati mbili, kwa kumchokoza Tobia tu, akashusha mkono. Yule mzee wa Bungu karudi, na viatu kapiga rangi, masikini, akataja gunia la mahindi. Tobia akataja mguu wa ng'ombe kwa kila mfanyakazi wa usharika. Watu wakashangilia. Mzee wa Bungu akashusha.

Nikasimama. Nikasema: "Sare za kwaya. Zote. Kwa mkono wangu. Bure."

Kelele! Alen karukaruka na koti lake la kuogea, mkanda ukafunguka. Kumbe wameshaambiwa ni ya kuogea! Mtu wa Tanga aliwaambia wiki iliyopita, wamenyamaza na aibu yao. Soprano wote wanapiga vigelegele, wananiita mama. Miezi mitatu nitakanyaga cherehani kwa watu hawa walionitupa. Sikujali. Nilimwangalia mbwa.

Mzee Elisante: "Mara ya kwanza! Mara ya pili—"

"Ndama!" Tobia. Kasimama juu ya benchi. "Ndama wangu jike. Wa maziwa. Leo hii hii."

Ndama! Kwa mbwa mwenye mguu mbovu! Rubeni kaacha mdomo wazi, mama wa ndama yule kamzalisha yeye.

Sasa ndipo tulipo. Mzee Elisante hajui kipi kikubwa, ndama au sare za watu thelathini, na sheria yake mwenyewe haisemi. Wamekwenda chini ya ule mti wa msonobari na Mchungaji na wazee, wanabishana. Mmoja anasema ndama atazaa. Alen kajipenyeza, anasema sare zitamtukuza Mungu. Mmoja anauliza paa.

Na sisi wawili tumeachwa na mikono juu. Tobia kaushikilia wake kwa mkono wa pili, pale kwenye kiwiko. Hanitazami kwa ubaya. Mbwa kaangusha yai, analilamba, hana habari na yeyote kati yetu.

Nimemwangalia Tobia vizuri. Huyu hatamwagia tena kitu chochote maji ya moto maisha yake. Mbwa atakula kwake kuliko kwangu. Atalala kwenye kochi. Hana hatari. Sina tena mtu wa kumwokoa, na mwezi mzima nimewaambia watu kwamba namwokoa.

Wazee wanarudi. Mzee Elisante anakohoa.

Mkono unaniuma mpaka begani. Siushushi.